Aliyekujazia Fomu Atie Saini

(Hotuba kwa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Maswali yaliyoulizwa mwishoni yameongezwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kina baba, vijana, nawasalimu wote. Najua wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala bado, kwa hiyo nawashukuru kwa kuja.

Nianze na jambo lililonileta. Mtu yeyote aliyekujazia fomu ya mahakama ya uhamiaji, ukiacha jamaa zako wa karibu kabisa, lazima aandike jina lake na atie saini yake kwenye karatasi hizo. Akikataa, chukua makaratasi yako uondoke, hata kama ni rafiki, hata kama mnatoka kijiji kimoja, hata kama amekuambia hataki pesa. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nalishikilia jambo hili, na kwamba upo msaada wa halali kwa mtu asiyeweza kumlipa wakili wa kesi nzima.

Mimi si wakili. Ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kupitia shirika lisilo la faida. Watu wa namna yangu wako katika miji mingi, na orodha ya majina yetu iko wazi kwenye tovuti ya wizara. Mtu akikwambia ana idhini, mtafute kwenye orodha hiyo. Asipokuwemo, hana.

Sasa tuangalie mtu anasimamaje mbele ya jaji wa uhamiaji hapa Marekani. Sheria inasema una haki ya kuwa na wakili, lakini serikali haitamlipa. Ukishtakiwa kwa wizi na kifungo kinakusubiri, ukiwa huna pesa mahakama itakupa wakili. Kesi ya kuondolewa nchini inahesabiwa kuwa ya madai, si ya jinai, ingawa mwisho wake unaweza kuwa kurudishwa mahali ulikokimbia risasi. Upande wa pili yupo mwanasheria wa serikali, mtu aliyesomea kazi hiyo na anayeifanya kila siku. Mwaka 2015 watafiti Ingrid Eagly na Steven Shafer walichapisha uchunguzi wao wa kesi zaidi ya milioni moja zilizoamuliwa kati ya 2007 na 2012. Waliokuwa na wakili walikuwa asilimia 37 tu. Kwa waliokuwa mahabusu, ni asilimia 14. Wengine wote walijitetea wenyewe, wakiwemo mama wenye watoto wachanga mgongoni na vijana wasiojua hata jina la fomu walizoshika.

Wengi wenu, au ndugu zenu, mko kwenye kundi hilo. Mlipita Brazili au Ekwado, mkavuka msitu wa Darién kati ya Kolombia na Panama, mkafika mpaka wa Texas au wa California, mkapewa karatasi ya kuitwa mahakamani, kisha mkaja huku kwa sababu kuna binamu au kanisa. Tuliona hapa Tukwila watu kutoka Kongo na Angola wakilala kwenye mahema nje ya kanisa. Mtu anayelala kwenye hema hawezi kulipa maelfu ya dola kwa wakili. Lakini anaweza kupata mtu wa kumwandalia karatasi moja vizuri, na mara nyingi karatasi hiyo moja ndiyo inayobeba maisha yake.

Nitoe mfano wa kwanza. Kesi yako imefunguliwa Texas, wewe sasa unaishi Kent, hapa jirani. Wengi wanadhani wakishamwambia afisa anwani mpya, kesi inawafuata yenyewe. Haiwafuati. Kwanza lazima mahakama ipate fomu ya kubadilisha anwani, EOIR-33 (EOIR ni kifupi cha jina la ofisi inayoendesha mahakama za uhamiaji), ndani ya siku 5 tangu uhame. Halafu lazima uandike ombi la kuhamisha kesi, ukitaja anwani kamili ya unakoishi, na nakala uipeleke kwa mwanasheria wa serikali. Mpaka jaji akubali ombi hilo kwa maandishi, tarehe yako iko Texas. Usipoonekana siku hiyo, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini bila wewe kuwepo, na watu wengi wameamriwa hivyo. Ombi lenyewe ni kurasa chache. Mtu anayeijua kazi analiandaa siku moja.

Basi kwa nini kwa miaka mingi mawakili na mashirika waliogopa kusaidia karatasi kama hizo?

Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi. Wakili akiingia kwenye kesi yako kwa fomu ya EOIR-28, ameingia kesi nzima. Hawezi kutoka mpaka aombe na jaji amruhusu. Na tangu mwaka 2008 palikuwa na kanuni kwamba anayefanya kazi ya uwakili bila kujitambulisha mahakamani anaweza kuadhibiwa. Kwa hiyo wakili mwenye roho nzuri, anayetaka kuwasaidia watu 40 kwa siku kujaza maombi ya hifadhi ya ukimbizi, alikuwa na njia mbili: abebe kesi zote 40 kwa miaka, au awaache. Wengi waliwaacha. Wapo waliosaidia kimyakimya bila kuandika jina lao, na hapo ndipo madalali, watu wasio na idhini wanaolipwa kujaza fomu, walipojificha, kwa sababu karatasi isiyo na jina la mwandishi ikawa jambo la kawaida.

Mabadiliko yalianzia hapahapa jimboni kwetu, na nafikiri tuna haki ya kujivunia. Aprili 2017 shirika la Northwest Immigrant Rights Project lilipokea barua ya serikali ikilitaka liache kuwasaidia watu kwa makaratasi ikiwa haliingii kesi zao moja kwa moja. Shirika halikunyamaza. Mei 2017 lilikwenda mahakama ya shirikisho Seattle, likasema kumpa mtu ushauri wa kisheria ni uhuru wa kusema unaolindwa na Katiba. Jaji Richard Jones aliizuia serikali mwezi huohuo, kisha Julai akarudia zuio hilo liendelee wakati kesi ikisikilizwa. Baadaye pande mbili zilielewana, serikali ikaanza kuandika kanuni mpya. Ilitangazwa Septemba 2022 na kuanza kutumika tarehe 14 Novemba 2022.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoleta fomu ya EOIR-61 kwa mahakama ya uhamiaji, na EOIR-60 kwa Bodi ya Rufaa. Kwa fomu hizo, wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa kwa ngazi ya mahakama anasema wazi: mimi fulani nimemsaidia mtu huyu kuandaa hati hii, na kazi yangu inaishia hapa. Fomu inakwenda mahakamani pamoja na hati yenyewe. Hahitaji kumwomba jaji ruhusa ya kuondoka. Mwezi ujao akikusaidia hati nyingine, anaambatisha EOIR-61 nyingine. Ukimwita fundi akutengenezee mlango, hajakubali kukujengea nyumba, lakini mlango aliotengeneza ni wake na ukianguka utamtafuta. Msaidizi huyu naye anabanwa na maadili ya kazi yake: ajue anachokifanya, asiseme uongo, asikutelekeze katikati ya hati aliyoanza. Akivunja, kuna mahali pa kumshtaki. Dalali utamshtaki wapi, na hakuna karatasi yenye jina lake?

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Ukisaidiwa kwa EOIR-61, bado unahesabiwa mtu anayejitetea mwenyewe. Barua zote za mahakama zitakuja kwako, si kwa aliyekusaidia. Siku ya kesi hatakuja. Mwanasheria wa serikali akiuliza swali, utajibu wewe. Namheshimu sana mtu anayesema mapema, "Nitakusaidia hati hii tu." Nina wasiwasi na anayesema, "Usijali, niachie kila kitu," halafu hana hata fomu moja yenye jina lake.

Kuna baba mmoja alinijia, jina lake nalihifadhi, mtu wa upande wa Uvira. Alikuwa amelipa mtu aliyejiita mtaalamu wa makaratasi. Ombi lake la hifadhi, fomu I-589, lilikuwa limejazwa kwa Kiingereza, kurasa zote 12, na yeye akasaini bila kusomewa. Kwenye maelezo, tarehe ya kukamatwa kwake ilikuwa 05/03/2019. Kwa sisi hiyo ni tarehe 5 Machi, na ndivyo alivyoiandika yule mtu alipokuwa akisikiliza. Marekani mwezi hutangulia. Kwa jaji, baba huyu alikamatwa tarehe 3 Mei. Lakini barua ya mchungaji wake, iliyotafsiriwa vizuri na mtu mwingine, ilisema Machi, na cheti cha hospitali kilisema alitibiwa majeraha katikati ya Machi. Yaani kwa mujibu wa karatasi zake mwenyewe, alitibiwa kabla ya kupigwa.

Tangu sheria ya mwaka 2005, jaji anaruhusiwa kupima ukweli wako kwa tofauti yoyote ya maelezo, hata kama tofauti hiyo haigusi kiini cha madai yako. Hebu fikirini maana yake kwetu, ambao tunahesabu saa tofauti. Umesema walivunja mlango saa nane usiku. Asiyekuwa makini akiandika nane ya kwao, ni saa mbili usiku kwetu, wakati jirani wote wako macho na watoto wanakula. Mwanasheria wa serikali atakuuliza mbona hakuna jirani aliyeona.

Nilipofungua Sehemu E ya fomu ya yule baba, palikuwa patupu. Sehemu E ni ya mtu aliyekuandikia, ukiacha mume au mke, mzazi au mtoto wako, kwamba aseme ni nani, anaishi wapi, na kwamba yaliyoandikwa yametoka kwako na umesomewa kwa lugha unayoielewa. Sehemu D ni yako wewe. Pale unaapa kwamba yote ni kweli, na onyo limeandikwa kwamba atakayeleta ombi la uongo kwa makusudi anaweza kufungiwa milele manufaa yote ya uhamiaji. Kwa hiyo yule mtu alimwachia mteja wake kiapo chote na yeye akatoweka. Ndugu zangu, jambo hili linaniuma. Mtu amepona vita, amepita msituni na mtoto begani, halafu anaangushwa na tarehe iliyoandikwa na mtu aliyelipwa kuiandika.

Tulikaa na baba huyo, tukasoma fomu yake neno kwa neno kwa Kiswahili cha kwao. Tukaandika maelezo ya marekebisho, yeye akasaini, nami nikasaini na kuambatisha EOIR-61. Nakala ikaenda kwa mwanasheria wa serikali na ushahidi kwamba imepelekwa. Siku ya kesi alisimama peke yake, na alipoulizwa kuhusu Mei alijua la kusema, kwa sababu alikuwa anajua kilichoandikwa ndani ya karatasi zake.

Ndiyo maana mtu akija kwangu siharakishi kalamu. Kuna maswali kwenye I-589 ambayo watu huyapita haraka. Sehemu C inauliza nchi ulizopitia na kama ulipewa kibali cha kukaa huko. Aliyeishi Angola miaka sita na karatasi za huko, au aliyezaliwa kambini Nyarugusu, lazima aseme. Inauliza kama umewahi kushiriki kumdhuru mtu, na vijana waliolazimishwa kubeba silaha na wanamgambo hunyamaza hapo kwa aibu. Hapo ndipo mtu anahitaji ushauri wa sheria hasa, na msaidizi wa karatasi mwaminifu atakuambia: suala hili ni zito kuliko msaada wangu, tafuta wakili wa kesi nzima. Akikuambia hivyo hajakukataa.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ombi la hifadhi liwe limeingia ndani ya mwaka 1 tangu ulipofika nchini. Yapo mazingira machache yanayoruhusu kuchelewa, lakini usiyategemee. Ukiwa tayari una kesi mahakamani, I-589 unaipeleka mahakamani, si kwa ofisi ya uhamiaji inayotoa kadi za ukaazi. Zamani ombi hili lilikuwa bure. Sheria ya Julai 2025 ililiwekea ada ya dola 100 ambayo haisamehewi, na sheria hiyohiyo imeweka ada nyingine ya kila mwaka ombi likiwa bado halijaamuliwa. Cheti chochote cha Kifaransa, Kirundi au Kiswahili kiambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye saini ya mfasiri akisema anazijua lugha hizo mbili na tafsiri ni sahihi. Mahakamani utapewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, lakini kazi yake ni maneno yanayosemwa siku hiyo. Hatakutafsiria bahasha uliyokuja nayo. Na ukimsikia mkalimani anaongea Kiswahili usichokielewa, kile cha Nairobi na wewe ni wa Bukavu, mwambie jaji hapohapo. Usiitikie kwa adabu tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila karatasi inayoingia mahakamani baki na nakala yake, yenye muhuri wa kupokelewa. Usimwachie mtu nakala pekee.

Najua kuna hofu. Tangu mwaka 2025 watu wamekamatwa kwenye majengo ya mahakama za uhamiaji, na mmeona picha kwenye simu zenu. Wapo waliokata shauri kutokwenda. Sitawadharau kwa hofu hiyo hata kidogo, lakini kutokwenda kunakuletea amri ya kuondolewa, na amri hiyo inakufuata kila mahali. Ipo hati ya kumwomba jaji uhudhurie kwa video. Jaji anaweza kukataa, lakini asiyeomba hapewi. Hiyo nayo ni hati unayoweza kuandaliwa kwa EOIR-61.

Sasa maswali.

Mzee mmoja aliuliza kama mwanawe aliyesoma hapa anaweza kumjazia fomu. Nilimjibu: mzee wangu, anaweza kukusomea maswali na kuandika yale uliyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Akianza kukuambia useme nini ili ukubaliwe, au uchague kisanduku gani kati ya dini, kabila na siasa, hapo ameingia kazi ya uwakili, na nia yake njema haitakuokoa. Hivyohivyo kwa mchungaji na kwa imamu.

Mama mmoja alisema ameombwa dola 800 kwa fomu moja, na ameambiwa jina la mwandishi haliwekwi kwa sababu litamkasirisha jaji. Mama, huo ni uongo. Kanuni zenyewe zinataka aliyeandika ajulikane. Mdai risiti, mdai mkataba unaosema ni hati gani anaandaa na kwa bei gani, na saini. Akikataa, pesa zako zibaki mfukoni. Ofisi ya mahakama ina orodha ya mashirika yanayosaidia bila malipo, na jaji ana wajibu wa kukupa. Foleni ni ndefu, kwa kuwa mwaka 2025 kesi zilizokuwa zikisubiri nchi nzima zilikuwa zaidi ya milioni 3. Unapopiga simu, usiulize tu kama watakuchukulia kesi. Uliza kama wana siku za kusaidia makaratasi kwa wanaojitetea wenyewe. Mashirika mengi yanayokataa swali la kwanza hukubali la pili.

Kijana wa mwisho aliuliza afanye nini ikiwa dalali ameshapeleka ombi lake na hajui limeandikwa nini. Omba nakala ya faili lako mahakamani, hutozwi kitu kwa hilo. Ikifika, isomwe yote mbele yako kwa lugha yako, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine mkononi. Kosa lolote lirekebishwe kwa maandishi kabla ya siku ya ushahidi, si baada ya mwanasheria wa serikali kuligundua. Na njoo nalo hapa.

Meza zile tatu upande wa dirishani zina watu wetu mpaka saa kumi jioni. Wenye tarehe ya mahakama mwezi huu waanze, na walete karatasi zote, hata zile wanazodhani hazina maana. Mwenye kesi iliyoko Texas au California aende meza ya kwanza.